Rekodi ya The Cure ya Paris, 1992: kwa nini ninaiweka juu ya rekodi zao nyingine zote za jukwaani

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kila inapoulizwa ni rekodi ipi ya jukwaani ya The Cure, bendi ya roki ya Uingereza, inayofaa kusikilizwa kwanza, wengi hujibu kuwa ni Show, kwa sababu ndiyo iliyobeba nyimbo zinazofahamika. Ninaomba kutofautiana nao, na ninaomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya. Kwa maoni yangu albamu yao bora ya jukwaani ni Paris, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Le Zénith jijini Paris mwezi Oktoba 1992 na kutolewa Oktoba 1993. Ubora wake unatokana na jambo moja kubwa: nyimbo zilizotungwa na vijana wa miaka ishirini na kidogo, wakiwa watatu au wanne tu studioni, zilikutana miaka kumi baadaye na bendi iliyokomaa, tena mbele ya umati uliokuwa umezihifadhi zote kichwani.

Kwa wale wasioifahamu historia yao, bendi hii ilianzia Crawley, mji ulioko kusini mwa London, na vijana hao wakaanza kutumia jina la The Cure mwaka 1978. Wakati huo panki, yaani roki ya kasi na ghasia, ilikuwa imeshafungua mlango kwa kila mwenye gitaa na hasira, na waliokuja baada yake wakaanza kujiuliza nini kifuate. Wengi wao walipunguza kasi, wakaisogeza besi mbele hadi ikawa ndiyo inayobeba wimbo, na gitaa wakaliachia kazi ya kutia rangi. The Cure waliifuata njia hiyo hadi mwisho wake. Seventeen Seconds ilitoka Aprili 1980, mwezi ambao Robert Smith, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alitimiza miaka 21. Faith ikafuata 1981, na Pornography ikatoka Mei 1982. Kila moja ilikuwa nzito kuliko iliyoitangulia, na ya tatu ilikaribia kuwamaliza wenyewe. Katika ziara yake, Smith na mpiga besi Simon Gallup walipigana mjini Strasbourg. Onyesho la mwisho, lililofanyika Brussels mwezi Juni 1982, liliishia katika vurugu jukwaani, na Gallup akaondoka. Alirudi kundini kwa wakati wa kurekodi The Head on the Door, iliyotoka 1985.

Sasa tuje mwaka 1992. Albamu yao ya Wish imeingia namba 1 Uingereza na namba 2 Marekani, "Friday I'm in Love" inapigwa redioni kila kona, na bendi inajaza kumbi kubwa. Bendi nyingine katika hali hiyo ingeyaweka ya zamani kabatini. Wao walitoa albamu mbili kutokana na ziara moja. Show, iliyorekodiwa Julai 1992 huko Auburn Hills, karibu na Detroit, inabeba nyimbo za Wish na zile zilizopendwa sana. Paris ina nyimbo 12, na nusu yake kamili ni za kati ya 1980 na 1982: "The Figurehead", "One Hundred Years", "At Night", "Play for Today", "In Your House" na "Charlotte Sometimes". Kati ya hizo sita, nne za mwanzo ndizo zinazofungua albamu, moja baada ya nyingine, bila msikilizaji kupewa nafasi ya kupumua. Mpangilio wa namna hiyo haukuja kwa bahati.

Nianze na "The Figurehead", kwa kuwa ndiyo inayotupokea mlangoni. Mwaka 1982 bendi ilikuwa na watu watatu tu: Smith, Gallup, na Lol Tolhurst aliyekuwa akipiga drams. Mapigo ya Tolhurst katika Pornography ni machache, mazito, yanajirudia bila huruma, na hiyo ndiyo sura ya albamu nzima. Kule Paris wako watano. Boris Williams, aliyejiunga nao 1984, ndiye mpiga drams, na heshima yangu kwake inatokana na kwamba aliuacha msingi wa mapigo yale ulivyo. Alikuwa na ufundi wa kuweza kuyapamba, lakini alichofanya ni kuyapa nguvu na kuyaweka mahali pake kwa usahihi, kiasi kwamba uzito uleule unasikika kuwa mkubwa zaidi. Porl Thompson, kama jina lake lilivyoandikwa wakati huo, ana gitaa la solo, na Perry Bamonte anahama kati ya gitaa na kinanda. Kwa hiyo Smith halazimiki tena kuubeba wimbo peke yake huku akiimba. Sikilizeni sauti yake katika wimbo huu: mwaka 1982 aliimba kama mtu aliyemo ndani ya jambo linalomwumiza, na mwaka 1992 anaimba akilijua jambo hilo lilipoanzia na lilipoishia. Maneno ni yaleyale. Na pembeni yake yupo Gallup, mtu aliyepigana naye katika ziara ya nyimbo hizihizi.

Katika "At Night" tofauti ni kubwa zaidi, na hapa ninajua kuna wasioifurahia. Ile ya studio ya 1980 imejaa nafasi tupu: besi inakwenda taratibu, drams chache, kinanda kwa mbali. Ile ya Paris imeijaza nafasi hiyo kwa magitaa yenye mkwaruzo, na besi ya Gallup inanguruma hadi chini kabisa. Kuna kilichopotea, nami ninakubali. Lakini ukumbi wenye maelfu ya watu waliosimama hauwezi kuimbiwa kwa mnong'ono uleule wa studio, na kazi ya rekodi ya jukwaani ni kutupa kile ambacho studio haikuwa nacho. Anayetaka ukimya wa 1980 anayo Seventeen Seconds, na haijaenda popote.

Nimefika kwenye "Play for Today", ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika uzi huu. Katika ile ya studio kuna sauti ya kinanda inayopita kati ya beti, rahisi, noti chache tu zinazopanda na kushuka, na aliyeipiga ni Matthieu Hartley, aliyedumu na bendi kwa albamu hiyo moja. Haina maneno. Kule Paris, kinanda kinapoanza tu, umati mzima unaipokea. Maelfu ya watu wanaimba "oo" kwa kufuata noti za kinanda, kwa pamoja, kwa ufunguo sahihi, na wanaendelea kila sehemu hiyo inaporudi. Sijui rekodi nyingine ambamo hadhira imechagua kuimba sehemu ya ala na kuugeuza wimbo usiokuwa na kiitikio cha namna hiyo kuwa wenye kiitikio. Bendi inawapisha: inaendelea na mwendo wake uleule, na wale walioko chini ya jukwaa wanakuwa mwanamuziki wa sita. Wimbo huo wa 1980 ulikuwa baridi kwa makusudi, wenye mtu anayeongea kwa kujitenga na mwenzake. Kwa kuimbwa hivyo unabadilika maana, na aliyeubadilisha ni msikilizaji.

Sitakaa sana kwenye "Catch" na "Dressing Up", ambazo zinapita vizuri bila kuongeza mengi, ingawa ya pili inavutia kwa sababu katika albamu ya The Top ya 1984 Smith alipiga karibu ala zote mwenyewe, na hapa tunaisikia ikiwa na bendi kamili. Zinazostahili neno ni zile mpya za wakati huo, "Apart" na "A Letter to Elise". Kwenye Wish zinakaa karibu na nyimbo za furaha, na mtu anaweza kuzichukulia kuwa vituo vya mapumziko. Kwenye Paris, "Apart" inafuata mara tu baada ya "Play for Today" na kabla ya "In Your House", na ghafla undugu unaonekana: huzuni ileile, uvivu uleule wa mwendo, besi ileile iliyo mbele. Mpangilio huo unatuonyesha kwamba bendi iliyokuwa ikiuza mamilioni haikuwa imeuacha ukoo wake. Ndiyo maana ninaiweka albamu hii juu ya nyingine.

Karibuni kwa michango, hasa kutoka kwa wale wenye mtazamo tofauti.

Mchangiaji

Ndugu mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na ninakushukuru kwa uchambuzi wako, lakini naona umeidhulumu Show. Ile ni tamasha kamili lenye mwanzo na mwisho: inafunguliwa na "Open" na kufungwa na "End", kama ilivyo Wish yenyewe, na msikilizaji anasafirishwa usiku mzima kwa nyimbo 18. Tena humo ndani kuna "From the Edge of the Deep Green Sea", ambamo Porl Thompson anapiga gitaa kwa namna ambayo sijaisikia kwake mahali pengine. Paris ni mkusanyiko wa nyimbo zilizookotwa katika onyesho moja na jingine. Ukiwa unatafuta kumbukumbu ya tamasha, je, si haki tuchague ile inayofanana na tamasha?

Mleta mada

Mkuu, hoja yako ni nzito na sehemu yake ninaikubali bila kusita. "From the Edge of the Deep Green Sea" ya Show ni kilele cha bendi ile ya watu watano, na gitaa la solo linavyojikunja juu ya rithimu kuelekea mwisho wake ni jambo ambalo Paris haina cha kulilinganisha nalo. Ningeshauri kila mtu ausikilize wimbo huo hata kama hataki kuisikiliza albamu iliyobaki.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye kipimo. Show inatupa usiku wa bendi iliyokuwa juu kabisa, ikizipiga nyimbo zake mpya karibu sana na zilivyo kwenye albamu iliyokuwa na miezi michache tu tangu itoke. Ukizisikiliza "High" na "Friday I'm in Love" za Auburn Hills kisha ukarudi kwenye Wish, tofauti ni ndogo, kwa sababu wapigaji ni walewale na mwaka ni uleule. Nyimbo za zamani zilizoko Paris zilikuwa zimeshatembea. Zilipita mikononi mwa wapiga drams watatu, zikavuka ugomvi wa 1982, zikabadilishiwa ala, na kilichosikika Oktoba 1992 ni matokeo ya safari hiyo yote. Kwangu rekodi inayoonyesha wimbo umefika wapi ina thamani kuliko inayothibitisha kwamba bendi inaweza kuurudia ulivyo.

Kuhusu kuokotwa, ni kweli Paris haifuati mtiririko wa tamasha moja. Lakini uteuzi nao ni kazi ya sanaa. Mwenye kuzichagua nyimbo hizi 12 alikusudia kutoa albamu ya aina fulani, na alifanikiwa.

Mchangiaji mwingine

Naomba kuuliza jambo la kiufundi. Umati katika "Play for Today" unasikika kwa uwazi mno. Je, hatuwezi kudhani kwamba sauti yao iliongezwa studioni wakati wa kuchanganya? Na kwa nini umati wa Show, ambao bila shaka ulikuwa mkubwa zaidi, hausikiki hivyo?

Mleta mada

Swali zuri sana, ndugu yangu. Katika rekodi yoyote ya jukwaani ya aina hii kunakuwa na maikrofoni za aina mbili. Kuna zile zilizowekwa mbele ya vikuza sauti vya magitaa, kwenye drams na mbele ya waimbaji, ambazo kazi yake ni kunasa ala kwa ukaribu. Na kuna zile zinazoelekezwa kwa hadhira ili kunasa ukumbi. Fundi mitambo anapochanganya baadaye ndiye anayeamua umati uwe juu au chini, kwa hiyo kila umati unaousikia kwenye albamu umepitia mkono wa mtu. Kupandisha sauti ya umati ni jambo la kawaida, na hata kama hapa ilipandishwa, noti zile ziliimbwa: ukisikiliza kwa makini utaona umati unaimba kwa mwendo wa bendi na kufuata mabadiliko yake, huku wengine wakichelewa kidogo na wengine wakipiga mayowe katikati.

Kuchelewa huko ndiko kunakojibu sehemu ya pili ya swali lako. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde hewani. Mtu aliyesimama mita 34 kutoka jukwaani huisikia bendi baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, kisha naye anapoimba, sauti yake inahitaji muda uleule kurudi mbele. Katika ukumbi mkubwa, walio mbele na walio nyuma wanakuwa wameachana kiasi kwamba noti zinavurugana na kinachobaki ni mvumo. The Palace of Auburn Hills ulikuwa uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu, nyumbani kwa Detroit Pistons, wenye uwezo wa kuchukua zaidi ya watu 20,000. Le Zénith, uliofunguliwa 1984 katika bustani ya La Villette, ulijengwa mahususi kwa ajili ya muziki na unachukua watu wapatao 6,000. Humo umati uko karibu na jukwaa, na sauti ya kinanda unayoifuata ni ya mwendo unaomruhusu mtu kuikamata bila haraka. Ndiyo maana tunasikia noti, na kule Marekani tunasikia shangwe.

Niongeze kwamba hadhira ya Ufaransa ilikuwa na historia yake na bendi hii. Filamu ya tamasha lao, The Cure in Orange, iliyoongozwa na Tim Pope, ilipigwa Agosti 1986 katika jumba la maonyesho la Warumi la mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa. Waliofika Le Zénith mwaka 1992 hawakuvutwa na wimbo mmoja wa redioni. Walikuwa watu wanaojua upande wa pili wa kila santuri.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, nimefurahi kuona mjadala wenye adabu. Naona hakuna aliyeitaja Concert ya 1984 wala Trilogy. Ile ya 1984 nayo ina "One Hundred Years" na "Charlotte Sometimes", tena ikiwa karibu zaidi na wakati nyimbo zilipotungwa. Na Trilogy, video ya tamasha iliyorekodiwa Berlin Novemba 2002 katika ukumbi wa Tempodrom, inaipiga Pornography yote kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kama kipimo chako ni nyimbo za zamani kukutana na bendi iliyokomaa, mbona Trilogy isiwe juu ya Paris? Na je, hawajazirudia nyimbo za Seventeen Seconds katika miaka ya karibuni?

Mleta mada

Umenibana pazuri, mkuu, na ninakushukuru kwa sababu kulinganisha huku ndiko kunakoufanya uzi uwe na faida.

Concert ninaipenda kwa ukali wake. Wapigaji wa 1984 walikuwa Smith, Thompson, Tolhurst akiwa amehamia kwenye kinanda, Phil Thornalley kwenye besi na Andy Anderson kwenye drams. Anderson ana mkono wenye nguvu na haraka, na nyimbo zinakimbia. Lakini Gallup hayupo, na hilo kwangu ni pengo kubwa. Thornalley ni mwanamuziki hodari, ndiye aliyeshirikiana na bendi kuitayarisha Pornography studioni, ila besi ya Gallup ina namna yake ya kuuvuta wimbo chini, na "Charlotte Sometimes" inaihitaji. Linganisheni hizo mbili: ya 1984 ni kavu na yenye pupa, ilhali ya Paris inaachia kinanda na magitaa yatande polepole, na sauti ya Smith inaingia kana kwamba inatoka chumba cha pili. Wimbo huo ulitoka Oktoba 1981 ukiwa peke yake, bila kuwekwa kwenye albamu yoyote ya wakati huo, na naona Paris ndiyo iliyoupatia makazi.

Nyimbo za Seventeen Seconds wamezirudia, tena kwa namna nzuri. Tarehe 1 Novemba 2024, siku ileile ilipotoka albamu ya Songs of a Lost World, walipiga nyimbo 31 katika ukumbi wa Troxy, London, na baada ya kuipiga albamu mpya yote walirudi hadi 1980, "At Night" na "Play for Today" zikiwemo. Katika Hyde Park, Julai 2018, walipoadhimisha miaka 40 mbele ya watu wapatao 65,000, "Play for Today" ilikuwemo pia. Smith wa 2024 alikuwa na miaka 65, na sauti yake imekaa vizuri kwa namna inayoshangaza. Hata hivyo nyimbo hizo siku hizi zinapigwa kama kumbukumbu inayoheshimiwa. Mwaka 1992 zilikuwa bado zina deni na waliozitunga, na hilo linasikika.

Trilogy ndiyo mshindani wa kweli. Jason Cooper yuko kwenye drams, Roger O'Donnell kwenye kinanda, Bamonte kwenye gitaa, na Pornography inapigwa kwa mfululizo wake, jambo ambalo Paris haikujaribu. Mtu anayetaka kuielewa albamu hiyo kama kitu kizima aitazame Trilogy. Kasoro ninayoiona ni kwamba Berlin walikuja kwa ajili ya kutimiza mpango, albamu tatu kwa usiku mmoja, na bendi inapiga kwa uangalifu wa mtu anayejua kamera zote zinamwelekea. Kule Paris nyimbo hizi zilichomoza katikati ya ziara ndefu iliyokuwa imewachosha. Katika ziara hiyohiyo Gallup aliugua, na Roberto Soave akalazimika kushika besi kwa maonyesho kadhaa. Baada ya ziara Thompson aliondoka, na Williams akafuata 1994, kwa hiyo watu watano tunaowasikia hawakurekodi tena albamu nyingine wakiwa pamoja.

Anayetaka kuamua mwenyewe achukue "The Figurehead" ya Paris na ile ya Berlin, azisikilize kwa vifaa vya masikioni vinavyofikisha besi vizuri. Smith, Gallup na Bamonte wamo katika zote mbili, hivyo tofauti itakayojitokeza kwanza itakuwa ya mpiga drams na ya gitaa la Thompson ambalo Berlin halipo. Mimi huanza kusikiliza pale drams zinapoingia.